Eutanasia: Neno Lililoanza kama Dua

Dhana: Eutanasia maana yake ni kumuua mgonjwa.

Ndivyo linavyotumika leo, lakini sivyo lilivyozaliwa. Ni neno la Kigiriki: "eu" ni vyema, "thanatos" ni kifo. Kifo chema, basi. Ndani yake hamna sindano wala muuaji.

Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia siku ya mwisho ya Kaisari Augusto, mjini Nola, mwaka 14 BK. Mzee aliomba kioo, akachanwa nywele, akawekwa sawa mataya yaliyokuwa yamelegea. Akawaaga watu, kisha akakata roho akimbusu mkewe, Livia. Suetonius anasema kila Augusto aliposikia fulani kafa upesi bila maumivu, alijiombea yeye na watu wake eutanasia kama hiyo, kwa neno hilohilo la Kigiriki. Hakuwa akiomba auawe. Waislamu wa pwani wangemwelewa mara moja: wao huomba husnul khatima, mwisho mwema.

Dhana: Lilipoingia kwenye udaktari tu, likageuka kuwa kuua.

La. Mwaka 1605 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon alitaka madaktari wajifunze kumpunguzia maumivu hata mgonjwa asiye na tumaini la kupona, aondoke kwa utulivu. Maana ilihama baadaye sana: mwaka 1870 Samuel Williams, Mwingereza pia, alipendekeza klorofomu, dawa ya kulaza mgonjwa usingizi, itumike kukatisha uhai wa wagonjwa wasiopona, kwa ridhaa yao.

Dhana: Wanazi wa Ujerumani ya Hitler walifanya eutanasia.

Waliiita hivyo. Mpango wao wa T4, uliopewa jina kutokana na anwani ya ofisi yake, Tiergartenstrasse 4, Berlin, ulianza 1939. Kufikia Agosti 1941 ulikuwa umeua zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na maradhi ya akili, kwa gesi. Hakuna aliyeulizwa. Yale ni mauaji, na ni dhuluma kuyaita kifo chema.

Dhana: Kupewa morfini, dawa kali ya maumivu, ni eutanasia ya kimyakimya.

Hii ndiyo inayoniuma, maana huwafanya ndugu waikatae dawa huku mgonjwa wao akilia usiku kucha. Uholanzi, ambako sheria iliyoanza tarehe 1 Aprili 2002 inaruhusu eutanasia, daktari humpa mgonjwa dawa kwa lengo la kukatisha uhai, tena mgonjwa awe ameomba mwenyewe. Lengo la morfini katika tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, ni kutuliza maumivu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haiji kumuua mtu. Uganda, ambako Hospice Africa, shirika la tiba hiyo, ilianza kazi mwaka 1993, morfini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, ukatiwa kwenye chupa, na wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa. Mgonjwa wa saratani huinywa nyumbani kwake. Maumivu yakitulia anapata usingizi, na akiamka anaweza kuzungumza na wanawe.