Daraja la Tatu Kusini ni nini?

Ukifuatilia historia ya mshambuliaji yeyote wa Wales aliyecheza klabu za kawaida baada ya Vita Kuu ya Pili, hukawii kukutana na "Daraja la Tatu Kusini". Wengi huliruka wakidhani ni jina la ligi ya mchangani. Sivyo.

Hii ilikuwa ngazi ya tatu ya Ligi ya Uingereza. Tangu 1921 ngazi hiyo ilikuwa na pande mbili zilizo sawa kwa hadhi, Kaskazini na Kusini, ili klabu zenye mfuko mdogo zisimalize pesa kwenye nauli za treni. Wales yenyewe ikakatwa katikati: Wrexham walicheza Kaskazini, huku Cardiff, Swansea na Newport wakicheza Kusini kila waliposhuka hadi huko.

Ugumu wake ulikuwa kwenye kupanda. Hadi mwaka 1950 Kusini kulikuwa na timu 22, na aliyepanda alikuwa bingwa peke yake. Hakukuwa na mchujo, na mshindi wa pili alirudi palepale msimu unaofuata. Kwa hiyo timu isiyokuwa na namba tisa wa kufunga mabao mwaka mzima, hata kwenye matope ya Januari na mpira wa ngozi uliokunywa maji ukawa mzito, ilikuwa inajichosha bure.

Newport walipenya mwaka 1939 chini ya kocha Billy McCandless. Wakacheza mechi tatu tu za Daraja la Pili, vita vikazuka, ligi ikasimamishwa. Iliporudi Agosti 1946, miaka saba ilikuwa imekwenda, na msimu huo huo wakashuka. Nikifikiria wale waliopanda wakiwa na miaka 27 au 28, naumia kweli. Mchezaji hana mahali pa kudai miaka hiyo.

Stan Richards, mzaliwa wa Cardiff, alikuwa na umri wa miaka 22 vita vilipoanza. Alijiunga na Cardiff City mwaka 1946 akitokea Cardiff Corinthians, klabu ya ridhaa, wakati anakaribia 30. Leo straika wa umri huo anaulizwa atastaafu lini. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Msimu wa 1946–47 alifunga mabao 30 ya ligi, McCandless akiwa sasa kocha wa Cardiff, na wakatwaa ubingwa wa Kusini kwa pointi 66, enzi ambazo ushindi ulikuwa na pointi mbili. Msimu huohuo akaitwa timu ya taifa ya Wales.

McCandless akahamia Swansea, na mwaka 1948 Richards akamfuata. Mwaka 1949 Swansea nao wakawa mabingwa wa Kusini. Kocha mmoja amezipandisha klabu tatu jirani kutoka daraja lilelile! Sijui sifa gani zaidi ya hiyo mtu angeitaka.

Usidhani waliokuwa huku chini walikuwa wabovu. Mshahara ulikuwa na ukomo, pauni 12 kwa wiki wakati wa msimu mwaka 1947, na ukomo huo uliwahusu wote, wa Daraja la Kwanza na wa Tatu. Pia mkataba ukiisha, klabu iliweza kukubakiza na kukunyima ruhusa ya kwenda kwingine. Wazuri wengi walibaki kwao kwa sababu hizo, na naona ni dhuluma iliyochelewa kuondolewa: ukomo wa mshahara ulifutwa mwaka 1961.

Kusini na Kaskazini zilivunjwa mwaka 1958. Timu za nusu ya juu za kila upande ziliunda Daraja la Tatu la nchi nzima, zilizobaki zikaenda Daraja la Nne jipya. Mabao 30 ya Richards yaliendelea kuwa rekodi ya Cardiff kwa msimu mmoja wa ligi hadi 2003, Robert Earnshaw alipofikisha 31.