Banda la Rue Lhomond halipo tena, wala radiamu haikugunduliwa pale wageni wanapopigia picha

"Hapa ndipo radiamu ilipogunduliwa." Hivyo ndivyo wengi wanavyodhani wakisimama mbele ya meza ya mwanasayansi Marie Curie katika Makumbusho ya Curie, Paris. Si hapo. Jengo lile la Taasisi ya Radiamu lilikamilika 1914. Marie na mumewe Pierre waliitangaza radiamu, elementi yenye mionzi, Desemba 1898, wakifanya kazi katika shule ya fizikia na kemia ya manispaa, mtaa wa Rue Lhomond.

Kazi ngumu ya kuitenga kutoka kwenye madini waliifanyia bandani, mahali ambapo zamani wanafunzi wa udaktari walipasulia maiti. Paa lilivuja. Hapakuwa na dohani la kutoa mvuke wenye sumu, kwa hiyo Marie alichemshia madini uani na kuyakoroga kwa chuma kirefu karibu sawa na kimo chake. Mwaka 1902, baada ya kuchuja tani kwa tani, alipata gramu 0.1 ya kloridi ya radiamu. Banda hilo lilibomolewa, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa: ofisi safi haiwezi kumwonyesha mtoto wa shule jasho lile.

Wapo pia wanaoamini kwamba madini hayo yalitoka Kongo. Yalitoka Joachimsthal, Bohemia. Yalikuwa makapi yaliyobaki baada ya urani kutolewa. Shinkolobwe, mahali penye madini ya urani kule Katanga, Kongo, iligunduliwa 1915, na Wabelgiji wakaanza kuzalisha radiamu kutokana na mawe yake 1922. Katanga ina haki yake ya kukumbukwa, ila katika sura hiyo ya baadaye.

Kuhusu hofu ya mionzi, ofisi ya Marie katika makumbusho ilisafishwa 1981 na wageni huingia. Madaftari ya Marie ndiyo bado yana mionzi, maana radiamu huchukua miaka 1600 hivi kupungua nusu.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba maabara ya Taasisi ya Radiamu ilikuwa ya mtu mmoja. Marguerite Perey aliajiriwa pale 1929 kama fundi wa maabara, akiwa na miaka 19. Mwaka 1939 aligundua elementi ya fransiamu. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, iliyomnyima Marie kiti 1911, ilimchagua Perey 1962, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo. Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa kwa mionzi aliyoishika mikononi tangu ujana wake.