Muulize Kwanza, Vifungu vya Sheria Baadaye

Nimewafundisha wanaharakati wa haki za wanawake kwa miaka mingi, na kosa ninalolisahihisha zaidi si la kutojua sheria. Sheria wanaijua mno. Mtu hajamaliza kueleza msimamo wake, tayari keshamwagiwa CEDAW, ule mkataba wa kimataifa wa 1979 dhidi ya ubaguzi wa wanawake, na Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake Afrika. Anakunja mikono, ananyamaza, anarudi nyumbani na mawazo yaleyale. (Nami nilikuwa hivyohivyo. Kuwanyamazisha watu kulinipa raha sana.)

Kilichonifungua macho ni kikao kimoja ambapo mzee alishikilia kwamba mwanamke hana haja ya kurithi ardhi, maana ataolewa. Binti aliyeongoza mazungumzo hakumpinga.

"Baba, una mabinti?"

"Watatu."

"Mmoja akiachika kesho, na watoto mkononi, ataenda wapi?"

"Si atarudi kwangu? Kwani nimekufa?"

"Na siku utakapokuwa haupo?"

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini, akawa anaitazama. Mimi ningeujaza ukimya ule kwa mhadhara. Binti alinyamaza naye. Baada ya muda mzee akasema, bila kuulizwa, kwamba wanawe wa kiume hawaelewani na dada yao mkubwa. Siku ile hakukubali lolote, na binti hakumdai jibu.

Njia hii imepimwa pia. Mwaka 2016 watafiti David Broockman na Joshua Kalla walichapisha matokeo ya jaribio lao la Miami, Marekani, kuhusu chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Mada ni nyingine, lakini utaratibu unatuhusu: mazungumzo ya dakika kama 10 mlangoni, mwenye nyumba akiombwa akumbuke siku yeye mwenyewe alipohukumiwa kwa kuwa tofauti. Chuki ilipungua, na miezi 3 baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana.

Hata hivyo, kuna watu ambao moyoni wameshabadilika zamani, ila wanaogopa majirani. Huyo ukimpa hoja mpya unapoteza muda. Mwaka 1997, wanawake wa Malicounda Bambara nchini Senegal, waliokuwa wakisoma katika mpango wa shirika la Tostan, walitangaza kuacha ukeketaji, wakalaumiwa vikali na wenzao wa vijiji vingine. Imamu Demba Diawara wa Keur Simbara ndiye aliyeona fundo lilipo: watu hawa huoana kijiji kwa kijiji, hivyo kijiji kikiacha peke yake, mabinti zake watakosa wachumba. Akashika njia kwa miguu, akiwatembelea jamaa zake kijiji baada ya kijiji. Februari 1998, vijiji 13 vilitangaza kwa pamoja huko Diabougou.

Ndiyo maana siku hizi, kabla mwanafunzi wangu hajaandaa hoja hata moja, namtaka aniambie: huyu mtu akibadili msimamo, nani atamcheka? Akilijua jina hilo, anajua pia nani wa kualikwa kikao kijacho.

Yule mzee hakungoja kuambiwa. Kikao kilichofuata alikuja na mwanawe wa kwanza, akamketisha mbele, kisha akamgeukia binti.

"Haya, muulize na huyu."