Jiwe Ndilo Mita Yangu ya Mwanga: Kuizunguka Mwanza kwa Miguu na Kamera

Ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara: "Kaka, nakuja Mwanza wikiendi, nataka picha ya Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, jua linapozama. Nisimame wapi?" Huwa najibu: simama popote, utapata ileile ya kila mtu. Jioni jua linashukia ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, nyuma ya jiwe. Wewe uliye ufukweni unatazama upande ulio gizani. Unaondoka na umbo jeusi, anga la rangi ya chungwa, na ukibahatika mnandi mmoja kileleni. Ni picha ya kalenda. Jiwe lenyewe hulioni.

Njoo asubuhi. Pita karibu na kivuko cha Kamanga, subiri jua livuke vilima vya nyuma ya mji. Likishavuka linakupiga wewe mgongoni na jiwe linalipiga usoni. Nyufa zinajitokeza, kinyesi cheupe cha ndege kinang'aa, na chini unauona mstari ambao maji yameuchora. Hapo umepiga picha ya jiwe.

Mimi kazi yangu ni harusi na sendofu. Ijumaa mpaka Jumapili nabeba kamera mbili, flashi, na msaidizi wa kushika taa. Jumatatu natoka na kamera moja, lenzi moja ya milimita 35, betri ya akiba mfukoni na raba zilizochakaa. Kupima mwanga nilikujifunza kwenye hizo Jumatatu, na mwalimu wangu alikuwa mawe.

Lakini tuanze na saa, maana wageni wengi hukosea hapo. Tanzania nzima tunatumia majira ya saa yaleyale, jua halina habari. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia dakika kama 25 baadaye. Mapema Novemba linachomoza karibu saa 12 na dakika 25. Februari ni saa 1 kasoro dakika chache. Adhuhuri yetu ya kweli, jua likiwa juu kabisa, haiko saa 6. Kwa wastani inaangukia saa 6 na dakika 48 hivi. Halafu tuko digrii 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua linapanda karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga laini wa asubuhi ambao Ulaya kwenye majira ya baridi unaweza kukaa saa nyingi, kwetu ni dakika 40 hivi. Ukisema ngoja nimalizie chai na chapati, umeukosa. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini, na adhuhuri unakanyaga kivuli chako mwenyewe.

Sasa mawe.

Kamera haijui unachokitazama. Kila unapoielekeza, inachukulia kwamba mbele yake kuna kitu cha kijivu cha kati. Ielekeze kwenye gauni la bibi harusi, italififisha liwe kama limefuliwa na maji ya tope. Ielekeze kwenye suti nyeusi ya bwana harusi, itaipausha. Ndiyo maana wapiga picha hununua kadi ya kijivu, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga: unapima pale, unaacha mipangilio hapohapo, nyeupe inabaki nyeupe na nyeusi inabaki nyeusi.

Kadi hizo Mwanza zimerundikana kuanzia ziwani hadi vileleni. Granaiti iliyopigwa na mvua na jua kwa muda mrefu ina kijivu kinachokaribiana sana na kile cha kadi. Sisemi ni sawasawa. Nimelinganisha mara nyingi, na tofauti ninayoipata naweza kuirekebisha kwenye kompyuta bila jasho. Chagua sehemu kavu, isiyo na kinyesi cha ndege wala yale madoa ya kijani na chungwa yanayoota juu ya mawe. Weka kamera kwenye manyuali, yaani wewe ndiye unayepanga mwanga, si kamera; weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 100; jaza fremu na jiwe lililo kwenye jua lilelile la kitu unachotaka kupiga, zungusha tundu la lenzi (ile namba ya f) na kasi ya shata mpaka mshale wa kipimo usimame katikati. Basi, usiguse tena. Mchana wa jua kali bila wingu utajikuta karibu na f/16 na sekunde 1/125, au f/8 na 1/500, ambayo ni ileile kanuni ya wazee wa filamu: jua kali, tundu f/16, kasi ikaribiane na namba ya ISO. Kwa rangi lakini usiliamini jiwe: mengine yana wekundu, na ukilitumia kusahihisha rangi, ngozi za watu zitageuka kijani.

Umbo lake nalo linasaidia. Miamba hii ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliiva na kupoa chini ya ardhi, ikapasuka kwa nyufa zinazokatana. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuila zaidi kwenye pembe, maana pembe inashambuliwa kutoka pande tatu. Udongo ukasombwa, yakabaki madonge yaliyopandana. Kwa mpiga picha, donge la mviringo ni darasa zima. Utosini lina mwanga kamili, ubavuni linafifia taratibu, chini ya kitumbo ni giza. Ukilitazama kwa sekunde mbili unajua jua liko wapi, ni kali kiasi gani, na uso wa mtu utakaa vipi akisimama papo hapo. Nikifika mtaa mgeni natafuta jiwe kwanza.

Njia yangu ya kawaida inapanda Mabatini. Ramani ya simu haikusaidii kule. Njia inapita kati ya ukuta wa jikoni kwa mtu na jiwe kubwa kuliko nyumba yake, inakuwa ngazi, inakuwa mfereji, halafu unatokea uani kwa watu wanaanua nguo. Ukitokea hivyo, salimia kabla hujasema lolote, na kamera ikae kiunoni. Nyumba nyingi zimelitumia jiwe kama ukuta wa nne. Pembe hizo nazipenda saa 2 asubuhi, jua linapogonga jiwe na kurudi kwenye uso wa mtu aliyekaa mlangoni, kama vile nimemwekea kiakisi.

Juu kule yupo pia yule mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya mwamba kuwatisha wenzake. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu, na watoto wanampiga mawe kila siku. Lenzi ya milimita 35 haivuti vya mbali, humpati. Nimejaribu, najua.

Makoroboi, eneo la biashara katikati ya mji, napita upesi, ingawa jina lake linanifurahisha: ni zile taa za koroboi, vibatari vilivyotengenezwa hapo kwa mabati chakavu. Kukishakuwa na watu wengi ni vivuli vya miavuli na turubai za rangi, na turubai ya buluu inamfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Wengine wanaupenda mchanganyiko huo. Mimi nanunua soksi naondoka.

Kuhusu kuinua kamera: bandarini, vivukoni, polisi na kwenye kambi, acha iwe begani. Mlinzi wa geti moja aliwahi kunifutisha picha za asubuhi nzima, pamoja na za mtoto wangu zilizokuwa kwenye kadi hiyohiyo, kwa sababu nilipiga mti uliokuwa mbele ya geti lake. Nilibishana dakika kumi. Ningeanza kwa kumuuliza, ningepoteza dakika moja tu.

Mwisho wa njia ni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Magunia ya dagaa yamepangwa, mengine safari yake ni mpaka Kongo, na wabebaji wanapita wakipiga mluzi ili uwapishe. Dagaa akianikwa juani ni kama vioo vidogo elfu: kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe inaona ziwa la fedha, inaogopa, inatia giza picha nzima. Ndipo kupima kwenye jiwe la ufukweni kunapokuokoa.

Au ndivyo nilivyodhani. Kuna mama mmoja anayechambua dagaa chini ya mwavuli karibu na maji. Mara ya kwanza nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, nikaomba picha. Akauliza, "Unampelekea nani?" Nikasema nitakuletea wewe. Sikuleta. Wiki tatu baadaye nilipoinua kamera tena akaweka mkono mbele ya uso: "Ya kwanza iko wapi?"

Jumatatu iliyofuata niliisafisha, kubwa, karatasi nzito. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya magamba, akaitazama sana, akawaonyesha wenzake wawili. Halafu akasema, "Mbona jiwe limetoka vizuri kuliko mimi?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimepima kwenye jiwe lililo juani, naye amekaa kivulini. Dagaa walikuwa safi, ziwa safi, jiwe unaweza kuhesabu chembe zake, na yeye chini ya mwavuli alikuwa leso na meno. Ngozi nyeusi ndani ya kivuli inadai mwanga wake wenyewe, na nilikuwa nimeufanya uso wa mtu ulipie uzuri wa ziwa. Kosa hilo nilikuwa nikiwakemea wanafunzi wangu.

Nikaomba turudie. Safari hii nililitafuta jiwe lililo kivulini kama yeye, mita mbili tu nyuma ya gunia lake, nikapima pale, nikafungua stopu mbili na nusu zaidi ya awali (kila stopu moja ni mwanga mara mbili). Ziwa nyuma yake likaungua likawa jeupe tupu. Nikaliacha liungue.

Hiyo ya pili ameibandika kwenye mlango wa kibanda chake. Ya kwanza aliirudisha, akasema nikae nayo mimi na jiwe langu.