Sifuri sio "sijui": maana ya kushughulikia makosa kwenye laibrari za kupima seva

Wakuu, hii kitu ya kushughulikia makosa wengi tuliifundishwa chuo dakika 10 za mwisho, unaambiwa weka `try`, weka `except`, umemaliza, programu yako haitaanguka mbele ya mteja. Sasa ukija kwenye laibrari zinazopima hali ya seva, yaani zile zinazokuambia CPU inatumika asilimia ngapi, memori imebaki kiasi gani, prosesi (programu zinazotembea muda huo) zipo ngapi na kila moja imefungua mafaili mangapi, elimu ile inakuponza. Huku kosa mara nyingi ndio jibu lenyewe, ukilimeza umemeza jibu.

Nitaeleza kwa kutumia psutil, laibrari ya Python iliyoanzishwa na Muitaliano Giampaolo Rodolà, kwanza kwa sababu naitumia kila siku, afu makosa yake yamepangwa vizuri kiasi kwamba ukiyaelewa hayo umeelewa dhana nzima hata ukihamia lugha nyingine.

Chukulia karani wa sensa. Si unaikumbuka ile ya Agosti 2022, karani na kishikwambi chake anapita nyumba kwa nyumba, orodha kapewa. Nyumba ya kwanza anakuta mpangaji kahama jana usiku, chumba kitupu. Ya pili geti limefungwa, ndani watu wapo kabisa, redio inasikika, ila mlinzi kagoma, huingii hapa. Ya tatu jina la mzee lipo kwenye daftari la mjumbe lakini mzee mwenyewe alishazikwa, hakuna aliyekuja kumfuta. Ya nne anaambiwa subiri mwenye nyumba anakuja, akasubiri, akasubiri, jua likazama na nyumba 40 zilizobaki hazijafikiwa.

Nyumba zote nne karani hana namba ya kuandika. Akiamua kujaza 0 kote ili fomu isikae wazi, kwa ile iliyohamwa hakuna ubaya sana, ila kwa ile yenye geti kaandika uongo mtupu, humo ndani kuna watu 9. Na serikali ikipanga madawati kwa namba hizo basi watoto wa nyumba ile watakaa chini.

psutil inazipa nyumba hizi majina. Ya kwanza ni `NoSuchProcess`, prosesi haipo tena. Ya pili `AccessDenied`, ipo ila huruhusiwi kuchungulia. Ya tatu `ZombieProcess`, imeshakufa ila mzazi wake hajaja kuchukua taarifa ya kifo kwa hiyo jina linabaki kwenye jedwali la kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kuna na `TimeoutExpired`, hiyo inatoka pale unaposubiri prosesi imalize kazi kwa muda uliopanga na muda ukaisha. Zote nne ni watoto wa eksepsheni (kosa linalorushwa na programu) moja kubwa inayoitwa `psutil.Error`, ukitaka kuzidaka kwa mkupuo unaweza, ingawa mimi sikushauri, utaona kwa nini.

Tuanze na hiyo ya kuhama, maana watu wanaishangaa sana, "mbona nimetoka kupata orodha sasa hivi afu naambiwa haipo?" Kwenye Linux habari za kila prosesi zinakaa ndani ya `/proc`, kila moja ina folda yenye namba yake. Kupata orodha ni hatua moja, kwenda kusoma folda moja moja ni hatua nyingine, na katikati hapo prosesi inaweza kumaliza shughuli zake ikaondoka. Amri kama `ls` inaishi milisekunde chache tu. Kwa hiyo kwenye seva yenye pilika hili litakutokea kila siku, na hakuna kilichoharibika. Cha kufurahisha ni kwamba kerneli inalisema kwa lugha mbili: ukichelewa kabla ya kufungua faili unapewa kosa namba 2, faili halipo, ukiwa umeshafungua afu prosesi ikafa kabla hujasoma unapewa namba 3, prosesi haipo. Tukio moja, namba mbili. Na kwenye ruhusa ni hivo hivo, Linux inaweza kukupa 1 au 13, Windows kukataliwa ni namba 5. Kazi kubwa ya laibrari ni kuwa mkalimani hapo, wewe unasikia jina moja tu popote ulipo.

Halafu kuna mtego wa namba kurudiwa. PID, yaani namba za prosesi, hazina mwisho mrefu kama unavyodhani, kiwango cha zamani cha Linux ni 32768, zikifika huko zinaanza kugawiwa upya zile zilizoachwa. Ni kama laini ya simu iliyofungwa kampuni ikampa mtu mwingine, unapiga kumdai Juma hela yako anapokea mama wa watu hajui Juma ni nani. Sasa fikiria ulikuwa unataka kuua prosesi namba 4120 iliyokwama, kumbe ilishakufa yenyewe na namba hiyo amepewa databesi. Ndio maana psutil inakumbuka namba pamoja na muda prosesi ilipoanza, na kabla ya kuua inahakikisha vyote viwili vinalingana, visipolingana unapewa `NoSuchProcess` hata kama kuna kitu kinaishi kwenye namba ile. Hapo kosa limekuokoa, ukilizima kwa hasira shauri yako.

Sasa niseme yaliyonikuta mimi. Kuna sehemu nilikuwa nafanya kazi, nikaandika skripti ya kuhesabu prosesi kuu ya mfumo imefungua mafaili mangapi, maana kikomo kilikuwa 1024 na ukifika hapo programu haiwezi kufungua kitu kingine, hata muunganisho mpya wa mteja mmoja tu haukubali. Skripti ilikuwa na kipande hiki, naona aibu kukiweka ila kiko hivi:

    try:
        idadi = p.num_fds()
    except Exception:
        idadi = 0

Kwenye kompyuta yangu ilifanya kazi vizuri, kwa sababu kila prosesi niliyojaribu ilikuwa yangu. Kwenye seva skripti ikawekwa chini ya mtumiaji wa kawaida, mfumo wenyewe unaendeshwa na mtumiaji mwingine, na ile folda ya `fd` ndani ya `/proc` haisomeki na jirani. Kila baada ya dakika moja `AccessDenied` inarushwa, inamezwa, inaandikwa 0. Grafu imelala chini kabisa, shwari kama bahari ya kaskazi alfajiri, na mimi nikiulizwa nasema hapo hamna shida, angalieni, sifuri. Siku ya nne mfumo ukagoma saa 2 asubuhi, wateja wamejaa, kwenye logi imejaa kosa namba 24, mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Grafu yangu bado inasema sifuri.

Cheki ubaya wake: skripti ingeanguka siku ya kwanza ningejua na ningerekebisha kwa dakika 5. Ilikuwa inatembea, inachora, inadanganya. Baadae nikaandika hivi:

    try:
        idadi = p.num_fds()
    except psutil.NoSuchProcess:
        continue
    except psutil.AccessDenied:
        idadi = None
        waliokataa += 1

Yaani aliyehama namruka, sina deni naye. Aliyefunga geti naandika `None`, hapa sijui, na nahesabu wamekataa wangapi. Angalizo moja dogo, `ZombieProcess` ni mtoto wa `NoSuchProcess`, kwa hiyo kama unawataka mazombi kwa umaalumu wao mdake zombi kwanza, ukitanguliza baba yake anawameza wote na hutajua seva ina maiti 600 zisizozikwa. Ukipita prosesi zote kwa `process_iter` kuna kitu kinaitwa `ad_value`, unachagua mwenyewe nini kiandikwe pale ruhusa inapokosekana, kawaida ni `None`, na nakusihi kaka usije ukaweka 0 pale.

Hii adabu ya kutenganisha sifuri na sijui utaiona hata kwenye zana za chini kabisa. Ile `perf` ya Linux inayosoma kaunta za ndani ya prosesa, ukiiendesha kwenye mashine ya kukodi ya wingu ambako kaunta hizo hazijafunguliwa kwa wapangaji, haikuandikii 0, inaandika `<not supported>`, yaani hapa kifaa hiki hakipo. Na kama kipo ila hakikupata nafasi ya kuhesabu inaandika `<not counted>`. Majibu mawili ya "sina namba", kila moja na sababu yake. Walioiandika walijua mtu atakuja kugawanya kwa namba hiyo.

Kuna makosa mengine hayarushi eksepsheni kabisa, na haya ndio yananiudhi. Ukiita `cpu_percent` bila kuipa muda, mara ya kwanza inarudisha 0.0, na hiyo 0.0 haina maana yoyote, maana asilimia ya CPU inapatikana kwa kulinganisha nyakati mbili na wewe una moja tu. Maelezo ya laibrari yanasema wazi itupe hiyo, ila nani anasoma maelezo? Watu wanaandika skripti inayoamka, inapima mara moja, inalala, cron (mpanga ratiba wa Linux) inaiamsha tena, na kila mara inaleta 0.0, afu wanasifia seva yao.

Kaunta za mtandao nazo zina vituko. Kaunta ya biti 32 ikifika 4,294,967,295 inarudi 0, kama kilomita za gari kuukuu zilizozunguka zikaanza moja. Ukitoa ya sasa kwa ya zamani unapata namba hasi, na nimewahi kuona grafu inayoonyesha seva imepokea baiti hasi bilioni 4 kwa sekunde, sijui ilikuwa inazirudisha kwa nani. psutil kuanzia toleo la 5.3.0 inalishughulikia hilo yenyewe, inakumbuka ilipoishia na kuendelea kujumlisha.

Yule karani aliyesubiri mpaka jua likazama usimsahau. Kama kuna diski ya mtandao imeunganishwa kwa NFS na seva ya upande wa pili ikazima, ukiuliza nafasi imebaki kiasi gani unaweza usijibiwe chochote, si namba si kosa, mwito unaning'inia tu, na kama skripti yako inapima mambo yote kwa foleni moja basi CPU, memori na kila kitu kimesimama kwa ajili ya diski moja. Dawa yake ni kupima diski pembeni, kwenye uzi wake (thread) au prosesi yake yenye muda maalum, ikichelewa iandikwe imechelewa wengine waendelee.

Upande wa pili wa dhana hii ni kwamba mpimaji asimuue anayepimwa. Daktari hapaswi kumuua mgonjwa kwa kipimo cha presha. StatsD, zana ya kukusanya vipimo iliyotoka duka la mtandaoni Etsy mwaka 2011, ilichagua kutuma vipimo kwa UDP, unatupa pakiti unaendelea na safari, ikifika sawa isipofika duka halifungwi. Huo ni uamuzi halali wa kumeza kosa, kwa sababu umefanywa macho wazi na kilichopotea ni kipimo kimoja kati ya maelfu. Tofauti na mimi niliyemeza yote siku 4. Na hata kupiga kelele kuna kiasi chake, ukiandika mstari mmoja wa logi kila sekunde kuhusu kosa lile lile ni mistari 86,400 kwa siku, mwishowe unajaza diski uliyotumwa kuilinda. Andika mara ya kwanza, afu hesabu tu.

Kuhesabu huko ndio kitu ninachokipenda kwenye node_exporter, kipima seva cha Prometheus, mfumo unaopita kukusanya na kutunza vipimo. Kila kikusanyaji ndani yake kina kipimo cha pembeni, `node_scrape_collector_success`, 1 kama kimefanikiwa, 0 kama kimeshindwa, na Prometheus yenyewe ina `up` inayosema nimeifikia mashine hii au la. Kwa hiyo kushindwa nako kuna grafu yake, na unaweza kuwekea alamu kama kitu kingine chochote.

Nilipobadilisha ile skripti yangu nikaongeza na grafu ya waliokataa, wiki hiyo hiyo bosi akaja mezani akaniuliza mbona chati ya mafaili imekaa tupu, haina hata mstari. Nikamwambia hapo mkuu hatuna ruhusa ya kusoma, nimeshaiomba mara mbili. Ruhusa ilitoka kabla ya chakula cha mchana, na namba ya kwanza iliyosomeka ilikuwa 871.