Presha ya mshipa wa ini na damu inayopotelea kwenye utumbo

Mgonjwa akitapika damu usiku, ndugu zake wa Bahi au Kongwa hawangoji kuambiwa, hutafuta gari saa ileile. Anayechelewa ni yule anayepungukiwa damu polepole. Hajatapika, choo anakiona cha kawaida, ila akipanda ngazi anahema. Ameshapewa vidonge vya kuongeza damu, ameshatibiwa minyoo na vidonda vya tumbo, na bado damu inashuka.

Baadhi ya hawa wana presha kubwa katika mshipa unaokusanya damu ya tumbo, utumbo na bandama na kuipeleka kwenye ini. Kipimo cha mkononi hakiioni. Mshipa huu huliletea ini takriban robo tatu ya damu yake. Ini likijaa makovu, iwe kwa homa ya ini B, pombe au kichocho cha tumbo, damu inarudi nyuma kama maji ya korongo lililozibwa na magogo.

Mishipa inayovimba kwenye koo la chakula inajulikana, kwa sababu ikipasuka inaua. Utumbo husahaulika. Ukuta wake huvimba kwa maji, vimishipa vyake hutanuka na kuvuja damu kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni ila maabara. Hata mishipa ya njia ya haja kubwa huvimba ikadhaniwa bawasiri, na kuikata bila kuchunguza ini kwanza kunaweza kuleta damu isiyozuilika kirahisi.

Ukuta uliovimba pia huruhusu bakteria kupenya. Kwa mwenye tumbo lililojaa maji, maji hayo huweza kupata maambukizi. Akipata homa, maumivu ya tumbo au akaanza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ipo. Propranolo au kavediloli hupunguza presha hiyo, madini ya chuma hurudisha damu, na kwa kamera inayopitishwa mdomoni tunaweza kuifunga mishipa ya koo la chakula. Kinachoturudisha nyuma mara nyingi ni duka la dawa: mgonjwa anaumwa mgongo, ananunua diklofenaki au ibuprofeni, utumbo unachubuka na figo zinaelemewa. Mwenye ini bovu asizimeze bila daktari wake kujua.

Dodoma ya sasa ina wakazi wengi waliokulia kando ya Ziwa Victoria, kwenye kichocho cha tumbo kingi. Kama wewe ni mmoja wao, mwambie daktari hata kama ulihama zamani. Ini lenye makovu ya kichocho huweza kuendelea kufanya kazi, vipimo vya damu vya ini vikatoka safi, huku presha iko juu na bandama imekua. Hapo omba altrasaundi ya tumbo, na usishangae ukiulizwa ulikuwa unaogelea wapi utotoni.