Pikapu za siku hizi na kuvuta tela: tunayoambiana na yalivyo kweli

Pikapu mpya ikishuka tu pale bandarini Malindi, Unguja, maneno yashaanza, injini ndogo hii, cc 2800 itavuta nini, bora utafute mkonga wa zamani, yaani ile Land Cruiser ya Toyota. Na wanaosema hivi sana ni wenye boti, Nungwi, Mkokotoni, Kizimkazi mpaka Wete kule Pemba, watu wanaofunga tela nyuma ya gari kila boti ikitaka kupandishwa au kushushwa. Mengi si kweli jamani, na mengine yanaweza kuua mtu.

Hili la cc kwanza. Injini ya 1HZ iliyomo kwenye mkonga ni cc 4164, silinda sita, haina turbo, na nguvu yake ya kuzungusha, yaani toki, ni kama Nm (nyutoni mita) 285 hivi. Hilux ya 2.8 iliyotoka 2020, silinda nne tu, ile ya otomatiki inatoa Nm 500, na inazitoa kuanzia mizunguko 1600 kwa dakika mpaka 2800, yaani kule kule chini unakozihitaji ukitaka kuing'oa boti kwenye mchanga. Ya gia za mkono ni 420. Turbo inashindilia hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa ikiwa nyingi dizeli nyingi inaungua vizuri, ndo nguvu inapotoka hapo. Mkonga unastahiki sifa zake, injini yake haikamuliwi, pampu yake ya kizamani inastahamili mafuta machafu na fundi wa popote anaifungua. Lakini hiyo ni sifa ya kudumu, kuvuta ni habari nyengine.

Sasa linalonitisha. "Kitabu cha gari kimeandika tani 3.5 basi navuta tani 3.5." Hapana! Hizo kilo 3500 ni za tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kwa nyingi ya pikapu hizi mwisho ni kilo 750. Na matela yetu mengi ya boti yamechomelewa tu gereji, ekseli imetolewa kwenye gari chakavu, breki hazikuunganishwa na kitu. Hebu piga hesabu, boti ya faiba, mashine mbili, chuma cha tela lenyewe, halafu mtu kaacha lita 200 za petroli mle ndani, hizo peke yake kama kilo 150, 750 utaipita hujamaliza hata kupakia. Gari inavuta, tena inavuta bila kulalamika, na hapo ndo mtu anapodanganyika, injini inamwambia mzigo mwepesi kumbe breki zina habari yao. Teremka nayo vile vilima vya Pemba barabara imerowa, mbele daladala limesimama linashusha abiria, ukikanyaga breki tela linakusukuma kwa nyuma, gari inavutwa ubavu na tela linajikunja. Injini ya Nm 500 haikusaidii kitu hapo.

Na hata breki zikiwepo, gari na tela kwa pamoja vina uzito wao wa mwisho, ukijaza watu na mifuko ya saruji nyuma basi unachoweza kuvuta kinapungua. Angalia pia boti imekaaje juu ya tela. Mashine zinaning'inia nyuma, kwa hiyo boti isogezwe mbele mpaka ulimi wa tela uikalie ndoano kwa kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake, la sivyo ukishika mwendo tela linaanza kuyumba na ukilichelewa limekushinda.

Otomatiki haivuti? Inavuta, na mara nyingi inaondoka na mzigo vizuri kuliko gia za mkono kwa sababu hakuna klachi ya kuunguza. Inachoogopa ni joto la mafuta ya gia, kwa hiyo ukipandisha boti kwenye mchanga tia 4L, yaani magurudumu yote manne kwa gia nzito, usilazimishe.

Wapo pia wanaobana gia kubwa ati waokoe dizeli huku gari inagugumia na mzigo. Shusha gia, mizunguko ipande kidogo, kugugumia hivyo ndo kunaitesa injini. Na ukishavuta mzigo mzito usizime hapo hapo, iache dakika moja mbili ingurume taratibu, turbo ina moto na mafuta yakisimama ghafla yanaungulia ndani yake.

La mwisho ni beringi za tela, maana watu wanalaumu gari kumbe tela ndo limekufa. Umetoka mjini mpaka Nungwi, hebu za magurudumu, yaani vile vitovu vinavyokaa beringi, zina moto, unaliingiza tela baharini papo hapo, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inanyonya maji ya chumvi yanapita kwenye sili, ile raba inayozuia grisi isitoke, grisi inageuka nyeupe kama uji na beringi zinaanza kutu. Gusa hebu kwa mkono, ikiwa ya moto ngoja ipoe ndo uingie majini. Ukitoka lioshe kwa maji baridi ya bomba, na grisi nyeupe ukiiona itoe yote utie mpya, usiongezee juu yake.